Kambi ya Muda ya Jeshi la Roma: Namna ya Kuitambua Ardhini

Kambi ya muda ni boma la udongo ambalo askari wa Roma walilichimba waliposimama kulala wakiwa safarini, au walipozingira mji. Ndani hamkuwa na nyumba za mawe, bali mahema ya ngozi, askari 8 kwa hema. Kwa hiyo anayekwenda kutafuta magofu hurudi akilalamika kwamba hakuona kitu. Kilichobaki ni tuta na handaki.

Handaki lilichimbwa kwa umbo la V. Udongo wake ulitupwa upande wa ndani ukawa tuta, na juu yake wakapanga vigingi vilivyochongwa. Mvua za karne nyingi zimelishusha tuta na kulifukia handaki, hata mara nyingi tuta halifiki magotini.

Wengi hudanganywa na matuta ya mashamba ya zamani. Hayo huwa mengi, yamepangana sambamba. La Kirumi ni moja, handaki liko nje yake, na likifika pembeni huzunguka taratibu badala ya kukata kona kali.

Ukishalipata, lifuate hadi mlangoni, maana hapo ndipo penye mambo. Kuna milango iliyokingwa na tuta fupi lililosimama peke yake mbele yake, liitwalo titulumu. Pale Rey Cross, kaskazini mwa Uingereza, matuta hayo bado yanaonekana, ingawa barabara ya A66 imeipasua kambi katikati. Mingine ina klavikula: tuta lenyewe hupinda kuingia ndani, adui akalazimika kugeuka na kuacha wazi ubavu wa kulia. Ngao ilishikwa mkono wa kushoto.

Klavikula utaziona Cawthorn, karibu na Pickering, Yorkshire. Boma moja la hapo halina umbo la kawaida la mstatili, na milango yake yote iko upande wa mashariki.

Nenda majira ya baridi, asubuhi au jioni. Jua likiwa chini, hata tuta la sentimita 30 hutoa kivuli. Saa sita mchana huoni chochote, na wakati wa kiangazi magugu hufunika kila kitu. Vuka kupitia mlangoni, kwa sababu nyayo hubomoa tuta. Kifaa cha kusaka vyuma kiache nyumbani: nchini Uingereza, kukitumia bila kibali kwenye eneo la kale lililolindwa ni kosa kwa sheria ya mwaka 1979.