Mgonjwa wa Kiharusi Anaporudi Nyumbani: Maswali ya Wanaomtunza

Swali: Ni hatari gani ya kuangaliwa kwanza?

Jibu: Kuanguka. Mguu uliopooza haumbebi mgonjwa sawasawa, naye pengine hautambui udhaifu wake, hasa ikiwa kiharusi kimeathiri upande wa kulia wa ubongo, kwani mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuusahau kabisa upande wake wa kushoto na kuinuka kitandani kana kwamba miguu yote miwili ni mizima. Njia ya kwenda msalani iwe na mwanga usiku kucha, na asiinuke peke yake.

Swali: Nimshike wapi ninapomwinua?

Jibu: Kiunoni, si mkono uliopooza wala kwapani. Misuli inayolishikilia bega imelegea, na kumvuta mara moja tu kunaweza kulitegua. Unapomvisha shati, anza na mkono dhaifu. Unapomvua, anza na ule wenye nguvu.

Swali: Kwa nini anapaliwa hata na maji?

Jibu: Maji hutiririka upesi, na koo lililodhoofika huchelewa kuifunga njia ya hewa, hivyo yanaweza kuingia mapafuni na kusababisha nimonia. Wanaonitia hofu zaidi ni wale wasiokohoa kabisa, ambao dalili yao huenda ikawa tu sauti inayokoroma kana kwamba ina maji baada ya kumeza. Uwezo wa kumeza upimwe na mtaalamu kabla hajaanza kulishwa. Akiruhusiwa kula, aketi wima, apewe kidogo kidogo, kisha utazame ndani ya shavu la upande uliopooza, kwa sababu chakula hubaki humo bila yeye kuhisi. Asilazwe mpaka zipite kama dakika 30.

Swali: Na asiyeweza kujigeuza?

Jibu: Ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na ngozi ya visigino na matako ikaguliwe kila siku. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande; huenda damu imeganda ndani ya mshipa, kwa hiyo apelekwe hospitali.

Swali: Akipata nafuu, aache dawa za shinikizo la damu?

Jibu: Asiache bila idhini ya daktari, kwa maana shinikizo likipanda kiharusi kinaweza kurudi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimkwama ghafla, apelekwe hospitali papo hapo hata kama dalili zimetoweka. Mwandike saa zilipoanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda mfupi tu. Msimpe aspirini nyumbani, kwani huenda safari hii mshipa umepasuka.