Mnyonya Damu Aanzie Kwao

Ukiwaambia wachezaji wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwamba kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo wao, ina mnyonya damu, kila mmoja anaona joho, ngome na jeneza, na kila mmoja anajua atakavyomuua. Hofu inakuwa imekwisha kabla dadu hazijarushwa. Mimi hutunga matukio ya michezo ya kuigiza wahusika mezani, na kiumbe huyu ninamtafuta kwenye ripoti za vijijini za karne ya 18, kabla riwaya hazijampa cheo na nguo nzuri.

Chukua kisa cha Petar Blagojević, mwanakijiji wa Kisiljevo nchini Serbia, mwaka 1725, eneo hilo likiwa chini ya ukoo wa Habsburg uliotawala Austria. Baada ya kuzikwa kwake, watu tisa walikufa ndani ya siku nane, wakieleza kwamba marehemu aliwajia usingizini akawakaba. Mkewe alisema alimjia kudai viatu vyake, kisha mama huyo akakihama kijiji. Wanakijiji wakamtaka ofisa wa serikali asimamie kufukua kaburi. Ofisa akasema angoje kwanza idhini kutoka kwa wakubwa wake Belgrade. Wakamjibu kwamba wakingoja watakwisha, na kama hataki wao watahama.

Hilo ni tukio zima la mchezo, tayari limepangwa. Kuna mashahidi wa kuhojiwa, kuna ofisa aliyebanwa pande mbili, kuna muda unaoyoyoma. Na kuna vile viatu. Ninavipenda kuliko ngome yoyote, kwa sababu vinawalazimisha wachezaji kuuliza maswali ya nyumbani: nani alimwosha maiti, nani alichukua mali yake, nani aligombana naye? Mfu wa masimulizi haya anarudi kwa mke, ndugu na majirani. Kwa hiyo tukio langu huanzia kwenye nyumba yenye msiba, na mtu wa kwanza kuzungumza na wachezaji ni mtu anayempenda huyo mfu.

Maiti wa ripoti hizo hafanani na yule mwembamba mwenye uso mweupe wa sinema. Amevimba, ana wekundu, ana damu mdomoni. Leo tunajua kwamba gesi za kuoza hujaza mwili na kusukuma majimaji yenye damu hadi mdomoni. Hapa msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, ana silaha kubwa: maiti wa kawaida kabisa anaweza kuwa na dalili zote. Kwenye tukio langu makaburi mawili yana dalili zilezile, na wachezaji wakichoma mwili usiohusika, familia ya marehemu huyo inabaki kijijini ikiwatazama kwa kampeni yote iliyobaki.

Kwa maambukizi, soma ripoti ya mwaka 1732 kutoka Medveđa, kijiji kingine cha Serbia. Huko walieleza kwamba Arnold Paole, mfu aliyedaiwa kuwa mnyonya damu, alishambulia hata mifugo, na waliokula nyama ya mifugo hiyo nao wakawa hatarini. Kwenye mchezo, orodha ya washukiwa inakuwa ni kila aliyekula nyama hiyo kwenye karamu, wakiwemo wahusika wa wachezaji wenyewe!

Sikatai riwaya. Dracula wa mwaka 1897 hutembea mchana, ila nguvu zake zimepungua. Jua kumwangamiza mnyonya damu kulienezwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Kwa meza yangu kanuni ya riwaya ndiyo bora. Jua likiua, wachezaji wanajifungia ndani wakingoja alfajiri. Likipunguza nguvu tu, wanaweza kumkuta saa sita mchana kwenye kikao cha wazee, wakalazimika kuzungumza naye kwa adabu mbele ya watu.

Kuhusu kushambuliwa na mnyonya damu, mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974 ulimpunguzia mhusika ngazi za uwezo alizokwisha kuzipata, adhabu iliyoogopwa sana. Kupoteza pointi za uhai zinazorudi baada ya usingizi hakutishi hivyo. Mimi humwachia mchezaji achague jina moja la mtu wa karibu na mhusika wake, alifute kwenye karatasi ya mhusika huyo, na kuanzia hapo mhusika hamtambui mtu huyo.

Kabla ya yote, waulize wachezaji faraghani, mmoja mmoja, kama kuna aliyefiwa karibuni. Akiwepo, msiba uhamishie kwa jirani, au cheza tukio la ofisa anayengoja idhini ya Belgrade, linasimama lenyewe.