Kwa nini ndege ya Harry haikutua Arusha?

Ukisoma hadithi fupi “The Snows of Kilimanjaro” ukiwa Moshi, kuna mahali utasimama kidogo. Rubani amesema watapitia Arusha kuongeza mafuta. Mara ndege inakata kushoto, mbele kinatokea kilele cheupe, na mgonjwa aliyemo anaelewa kwamba huko ndiko anakokwenda. Mgonjwa huyo ni Harry, mwandishi. Donda ndugu limemla mguu baada ya mchubuko wa mwiba ambao hakuutia dawa. Ndege yenyewe ni ndoto tu. Yeye amefia kambini.

Aliyeiandika, Mmarekani Ernest Hemingway, aliugua kweli huku. Januari 1934, akiwa kwenye uwindaji Serengeti, alishikwa na kuhara damu hadi ikabidi ndege ndogo imchukue kwenda Nairobi kutibiwa. Alipona, na mwaka 1936 akaitoa hadithi hiyo. Ugonjwa akauhamisha kutoka tumboni hadi mguuni. (Namwelewa. Nani anataka shujaa wake afe kwa kuhara?)

Wasomaji wengi huishia hapo: ndege ile ile, pori lile lile, basi Harry ni yeye. Mimi naona hayo ni mavazi tu. Mtu mwenyewe yuko kwenye aibu ya Harry, anayelala akihesabu hadithi ambazo hakuziandika, akiilaumu raha ya kuishi kwa mali ya mke. Hemingway naye alikuwa na mke wa ukoo tajiri, Pauline Pfeiffer, na gharama za safari ile zililipwa na ndugu wa baba yake Pauline. Na hizo hadithi “zisizoandikwa”, za vita, za theluji ya Austria, za ufukara wa Paris, ni za maisha yake mwenyewe. Harry anakufa bila kuziandika. Hemingway anaziandika humo humo, kwa kisingizio cha kumlilia Harry.

Waandishi wengine hujificha mbali zaidi na wahusika wao. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alimpa kijiji chake mhusika wa kike, Rosa, katika riwaya “Rosa Mistika” ya 1971.

Hemingway alirudi Afrika Mashariki, na Januari 1954 akaanguka na ndege mara mbili Uganda, ndani ya siku mbili. Magazeti yakatangaza kifo chake. Alinusurika, akakaa akasoma tanzia zake mwenyewe.