Je, wajua kwa nini mji uliotia fora kwa mauaji Marekani haukuwa ndio mji wa rap ya magenge?

Mwaka 1991, Washington, D.C. ilikuwa na wakazi wapatao 600,000, na zaidi ya 470 kati yao waliuawa. Magazeti yaliubandika jina la mji mkuu wa mauaji. Mwaka huohuo Los Angeles, ukilinganisha na idadi ya watu wake, ilikuwa na mauaji chini ya nusu ya yale ya Washington. Lakini ukimwomba mpenzi yeyote wa hip hop akutajie rap ya bunduki na magenge ya enzi hizo, atataja Los Angeles na kitongoji jirani cha Compton. Washington haitamjia kabisa.

Vijana wa Washington hawakukosa muziki. Walijaa kwenye kumbi za go-go, muziki wa bendi uliopewa umbo na Chuck Brown miaka ya 1970, wenye ngoma nyingi zinazoendelea kupigwa hata wimbo unapoisha ili watu wasiache kucheza. Mazishi yalikuwa mengi mitaani, na muziki wa mitaa hiyohiyo ukawa wa kuchezea.

Washington haikuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Miami ilikuwa miongoni mwa miji iliyomwaga damu zaidi Marekani kwa sababu ya biashara ya kokeini. Muziki iliouzaa miaka hiyo ni besi ya Miami: mdundo wa kasi, besi nzito ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808, na mashairi ya sherehe na mapenzi. New Orleans ilizika zaidi ya watu 400 waliouawa mwaka 1994, ilhali wakazi wake hawakufika 500,000. Huko kumbi zilitawaliwa na bounce, ambamo msanii anaita na umati unaitikia, kila mtaa ukitajwa kwa jina ili watu wake wapige kelele. St. Louis, ambayo kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa katika takwimu za mauaji, ilijulikana duniani mwaka 2000 kupitia rapa Nelly na nyimbo zake za raha.

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini rap ya mji fulani inasikika hivyo asianzie kwenye kitabu cha polisi. Aanze kwa kuuliza watu wa hapo wanasikilizia wapi muziki, na nani anaurekodi na kuuuza.

Hip hop yenyewe ilianzia kwenye sherehe ya jengo la makazi huko Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc akiwa kwenye santuri. Katika mji wa watu kubanana, kutembea kwa miguu na kupanda treni, msikilizaji alikuwa karibu na maneno, na wasanii walishindana kwa ufundi wa vina. Los Angeles ni mji wa barabara pana, na muziki husikilizwa ndani ya gari. Ndiyo maana Dr. Dre, rapa na prodyuza wa huko, alipotoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake mwishoni mwa 1992, alichota funk ya miaka ya 1970, akaipunguza mwendo na kuijaza besi. Houston nako ni gari, lakini gari la kwenda taratibu: DJ Screw alipunguza kasi ya nyimbo mpaka sauti za waimbaji zikawa nzito kama za watu wenye usingizi, akauza kanda zake mwenyewe bila kungoja kampuni kubwa.

Los Angeles ilikuwa na kingine ambacho Washington haikuwa nacho, yaani kampuni za kurekodi na watu waliojua kuuza kwa nchi nzima. N.W.A, kundi la rap la Compton, walipotoa albamu yao mwaka 1988, walikuwa na lebo ya kwao na msambazaji papo hapo mjini. Mwaka uliofuata, ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliiandikia kampuni iliyosambaza albamu hiyo barua ya kulalamikia wimbo uliowashambulia polisi, na barua hiyo ikawaongezea umaarufu. Soko lilijifunza haraka: hasira ya mtaa mmoja wa California inaweza kununuliwa na kijana wa kitongoji tulivu ambaye hajawahi kusikia mlio wa risasi.

Tuangalie pia mpangilio wa miaka. Mauaji nchini Marekani yalikuwa 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, yakashuka hadi 5.5 mwaka 2000. Katika miaka hiyohiyo ya kushuka, rap ya magenge iliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na marapa Tupac Shakur na Notorious B.I.G. wakauawa, mmoja Septemba 1996, mwingine Machi 1997. Vifo vyao viliuaminisha umma kwamba muziki unaua, wakati mitaani vifo vilikuwa vinapungua. New York, iliyokuwa na mauaji zaidi ya 2,200 mwaka 1990, ilirekodi chini ya 300 mwaka 2017. Haikuacha rap hata siku moja.

Hata hivyo, sidai kwamba muziki na damu havijawahi kukutana. Vimekutana Chicago, na hapo panahitaji kutazamwa kwa makini.

Magenge makubwa ya Chicago yalikuwa na ngazi za uongozi kama kampuni. Serikali kuu iliwafunga viongozi wao, kisha kuanzia mwaka 2000 mji ukaendesha mpango wa kubomoa majengo makubwa ya makazi ya umma na kuwatawanya wakazi. Walichobaki nacho vijana ni vikundi vidogo vya mtaa mmoja mmoja, visivyo na mkubwa wa kuviamrisha wala wa kuvipatanisha. Hapo ndipo ilipozaliwa drill, aina ya rap ya vitisho vya wazi. Rapa Chief Keef alikuwa na miaka 16 alipovuma mwaka 2012, kwa video iliyopigwa ndani ya nyumba. Safari hii hakukuwa na kampuni katikati: kijana alitaja maadui kwa majina, akadhihaki marehemu wao, na wahusika wakaiona video usiku huohuo kwenye simu.

Mwanasosholojia Forrest Stuart, aliyekaa kwa muda mrefu na vijana wa drill upande wa kusini wa Chicago, aliona kwamba wengi wao walijikuza kuliko walivyokuwa, kwa sababu ukatili ndio uliovutia watazamaji, na watazamaji ndio waliokuwa njia yao ya kutoka. Hatari ni kwamba anayejitangaza muuaji ili atazamwe anaweza kuwindwa kama muuaji wa kweli.

Drill ilivuka bahari hadi London, ikabadilishwa mdundo na maprodyuza wa huko, kisha ikarudi Marekani, Brooklyn ya New York, na kumpa umaarufu rapa Pop Smoke, aliyeuawa Los Angeles Februari 2020. Hapa ndipo ninapoona ushahidi wenye uzito kuliko wote. Mwaka 2016 Chicago ilikuwa na mauaji takriban 28 kwa kila watu 100,000, na St. Louis, isiyovuma kwa drill, ilikaribia 60. London ilipokuwa katika kilele cha drill yake haikufika 2. Mashairi yalifanana na vitisho vilifanana, lakini Uingereza bunduki hazipatikani kirahisi, na kijana mwenye hasira mara nyingi alikuwa na kisu.

Lakini mahakamani mistari imeendelea kusomwa kama maungamo. California ilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka jaji apime kwanza kama mashairi yatawajaza wanajopo, yaani raia wanaoamua kesi, chuki dhidi ya mshtakiwa kabla ya kuyaruhusu. Atlanta, Novemba 2023, jaji aliruhusu kwa masharti mistari kadhaa itumike katika kesi ya magenge iliyomkabili rapa Young Thug na wenzake. Kesi ya Young Thug mwenyewe iliisha Oktoba 2024 kwa yeye kukiri baadhi ya mashtaka na kurudi nyumbani chini ya uangalizi wa miaka 15.