Sini ya pembe na sainasi za uso: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wanaodhani kwamba majina ya sini ya hisabati, yaani namba inayotokana na ukubwa wa pembe, na sainasi za mwilini, yaani nafasi zilizo wazi ndani ya mwili, yamefanana kwa bahati tu. Sivyo. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini, sinus, lenye maana ya mkunjo, ghuba au uwazi ulioingia ndani.

Kwa daktari maana hiyo iko wazi. Kwa mwanahisabati imejificha, ndiyo maana wengine husema sini imepewa jina hilo kwa sababu ya mabonde ya mchoro wake wa mawimbi. Lakini jina lilitumika karne kadhaa kabla ya mchoro huo kuchorwa.

Asili yake ni upinde. Huko India, mwaka 499, mwanahisabati Aryabhata alipiga hesabu zake kwa nusu ya upote wa tao, na upote, yaani kamba ya upinde, kwa Kisanskriti huitwa jya au jiva. Jaribu mwenyewe: chora duara lenye nusukipenyo cha 1, kisha chukua tao la nyuzi 60. Mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake, yaani upote, una urefu wa 1. Nusu yake ni 0.5, na hiyo ndiyo sini ya nyuzi 30. Napenda sana mfano huu, kwa sababu unarudisha uhai kwenye namba ambayo wengi tuliikariri tu.

Waarabu walilichukua neno hilo kwa sauti yake, jiba. Maandishi yao hayaonyeshi irabu zote, hivyo likaja kusomwa jaib, neno walilokuwa nalo tayari: uwazi wa vazi kifuani, au mfuko. Lawama huangushiwa watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 kwamba ndio waliokosea. Kwangu mimi wanaonewa. Walikuta jaib, wakaitafsiri sinus, na tafsiri hiyo ni sahihi. Hadi leo Kiarabu husema jaib kwa sini, na wingi wake, juyub, kwa sainasi za pua.

Tukija mwilini, kauli "nina sainasi" humaanisha ugonjwa. Ukweli ni kwamba kila mtu anazo: jozi nne za nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso na fuvu, kubwa zaidi zikiwa zile za mashavuni. Ugonjwa ni uvimbe wa utando wake, nao una jina lake, sinusaitisi. Wala sainasi hazikai usoni peke yake. Zipo za ubongo, ambazo hubeba damu badala ya hewa, na ipo ya moyo, inayorudisha damu iliyokwisha kulisha misuli ya moyo wenyewe.

Dhana inayowanasa hata wasomi ni hii: kwamba "mdundo wa sainasi", yaani mapigo ya kawaida ya moyo, katika kipimo cha umeme wa moyo ni wimbi la sini. La hasha. Unaitwa hivyo kwa sababu huanzia kwenye fundo dogo la seli katika chumba cha juu cha kulia cha moyo, lililoelezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack. Fundo hilo liko mahali ambapo, kwa mtoto aliye tumboni, palikuwa na sainasi ya vena, yaani uwazi unaopokea damu inayorudi moyoni. Mstari unaochorwa kwenye karatasi una vilele vikali na sehemu tambarare. Haufanani kabisa na wimbi la sini.