Taka Isiyozalishwa Haihitaji Kurejelezwa

Kila tunapokwenda mitaani Dar es Salaam kutoa elimu ya usafi wa mazingira, swali la kwanza huwa lile lile: chupa za plastiki tuzipeleke wapi? Ni swali la maana, ila limerukia hatua ya mwisho, yaani kurejeleza: kutengeneza kitu kipya kutokana na taka. Mwaga ndoo ya taka ya nyumba yoyote juu ya turubai, chupa utazihesabu. Kilichojaa ni maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, makombo ya ugali na wali uliochacha. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mijini kwetu ni za namna hii. Ndizo nzito, ndizo zinazonuka, na zikifukiwa dampo la Pugu Kinyamwezi huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Si kwetu tu. Ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani.

Kwa hiyo tuanzie jikoni. Mchicha ukinunuliwa mafungu matatu kwa sababu bei imeshuka, fungu la tatu mara nyingi huishia kwenye ndoo. Nunua wa leo na kesho. Usiuoshe kabla ya kuuhifadhi. Ufunge kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uweke kivulini, na uuoshe ukikaribia kuupika. Nyanya zipange safu moja, maana ile ya chini ikipasuka huozesha wenzake. Wali uliobaki usilale sufuriani mpaka asubuhi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, kwa kuwa kuna bakteria wa wali ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto. Kama huna jokofu, pika kwa kipimo cha walaji. Najua wengi wanaona aibu sufuria ikimalizika mgeni yupo, na desturi hiyo ya ukarimu naiheshimu. Lakini siku zisizo na mgeni ni nyingi zaidi.

Maganda hayaepukiki. Mwenye kuku au mbuzi, au jirani anayefuga, amemaliza kazi. Mwenye uwanja mdogo atoboe ndoo chakavu, aweke maganda na kuyafunika kwa majani makavu kila mara, akigeuzageuza. Baada ya miezi michache atapata mboji.

Vifungashio ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Kipakiti cha sabuni ya unga au cha kiungo kimetengenezwa kwa tabaka za plastiki, mara nyingine na karatasi ya alumini, zilizogandishwa pamoja. Kikishatumika hakuna anayekinunua kama chakavu, hata waokota chupa wanakiacha, na mvua ikinyesha utakikuta kwenye mtaro. Nunua pakiti kubwa mkiweza kuchangia kaya mbili. Mafuta ya kupima, nenda na chupa yako.

Kupunguza kunawezekana, tumeshaona. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hatukujenga viwanda vya kuirejeleza; tuliiacha, vikapu vikarudi sokoni. Inasikitisha kwamba vile vifuko vyepesi visivyo na mishikio, vilivyoruhusiwa kwa kufungashia tu, sasa wauzaji wanavitumia kubebea vitunguu. Ukipewa, kirudishe na ufungue kikapu chako.

Baada ya hapo ndipo urejelezaji unapoingia, na hata wenyewe unategemea jikoni. Boksi lililoloa mchuzi halina mnunuzi. Chupa, makopo na maboksi makavu viwekwe kwenye kiroba chao, mbali na mabaki ya chakula, na mkabidhi mwokota chupa wa mtaa wenu kabla gari la taka halijapita.