Gobore la babu darini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Babu mzaa mama, kule Liwale, kusini mwa Tanzania, alikuwa na gobore, bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti. Sikuwahi kulisikia likilia. Nililikuta limelala darini juu ya fito, limefungwa kwa kipande cha kaniki, na kila Idi lilishushwa likafutwa vumbi, watoto tukaruhusiwa kugusa kitako, basi. Babu alipofariki, mgogoro wa mirathi haukuwa shamba wala mikorosho. Ulikuwa lile gobore. Wajomba watatu walilitaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwinda.

Siku zile za matanga nilisikia mengi yakisemwa kuhusu bunduki za urithi, na tangu hapo nimeyasikia tena Tanga, Nairobi, hata kwa jamaa walioko Muscat. Mengine ni kweli nusu. Mengine yanaweza kumpeleka mtu jela au kaburini.

“Lile si bunduki tena, ni kumbukumbu tu”

Hili ndilo kubwa, nami nitalikalia.

Bunduki ya kazi ina mwenyewe. Anaisafisha, anajua ina nini ndani, anajua mara ya mwisho ilipiga lini. Bunduki ya kumbukumbu huning'inizwa. Anayejua habari zake ndiye huyo aliyezikwa, na waliobaki wanajua hadithi tu. Kwa hiyo ile tunayoiona haina madhara ndiyo isiyokaguliwa na mtu.

Kwa gobore mambo ni mabaya zaidi kutokana na lilivyoundwa. Bunduki ya risasi unaifungua nyuma, unachungulia, ukiona shaba unajua. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha katani au kitambaa, kisha marisawa au vipande vya nondo, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa kusukumia. Likishashindiliwa, ama ulipige ama uvute ule ujazo kwa skrubu, kazi ya fundi anayejua. Sasa mfikirie mzee anayerudi jioni bila kumwona nguruwe hata mmoja. Baruti ni ghali. Anaondoa fataki tu, kile kikofia cha kuwashia baruti, analitundika, kesho atatoka tena. Kesho anaumwa. Keshokutwa hayupo. Miaka 30 baadaye mjukuu anapiga nalo picha, mtutu ukimwangalia mpiga picha.

Wengine hujibu kwamba baruti itakuwa imeshakufa. Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa yaliyosagwa, vitu ambavyo havina haraka ya kuoza. Ikikaa pakavu, hudumu zaidi ya miaka 100 ikiwa na nguvu zake. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale aliuawa akisafisha kombora la mzinga la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vita vilivyokwisha mwaka 1865. Lile kombora lilikuwa na zaidi ya miaka 140.

Wazee wana kipimo chao. Unasimama pembeni ya mtutu, kamwe si mbele yake, unaingiza mdeki taratibu mpaka ugote, unaweka alama ya kidole pale mdomoni. Kisha unautoa na kuulaza nje, sambamba na mtutu. Kama ndani ni patupu, ncha ya mdeki itafika pale fataki inapokaa. Ikipungua, kuna kitu. Huenda ni kiota cha nyigu. Huenda siyo. Hapo huchokonoi, humwagi maji ya moto, wala huliweki karibu na jiko. Unaliacha lilipo na kuita polisi.

Mjomba mkubwa alilipima la babu siku ya tatu ya matanga. Mdeki ulipungua vidole vinne.

“Hili lilipigana Majimaji”

Karibu kila gobore la kusini lilipigana Majimaji, ukiwasikiliza wenyewe. Sisi pia tulisema hivyo. Sipendi kuharibu hadithi ya ukoo wa mtu, lakini hesabu zinakataa.

Bunduki zilikuwepo tele, hilo ni kweli. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kupitia kisiwa hicho kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia bunduki za kisasa zenye mifereo ndani ya mtutu zisiingizwe katika ukanda mpana wa Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Mlango ulioachwa nusu wazi ulikuwa wa gumegume, zile za kupiga jiwe, na baruti ya biashara. Ndiyo maana Mwafrika alibaki na bunduki ya kushindilia wakati askari wa Mjerumani alikuwa na Mauser za risasi na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Wapiganaji wa 1905 hadi 1907 walikuwa nazo baadhi, wengi wao walikuwa na mikuki na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale.

Lakini baada ya vita Wajerumani walidai silaha zisalimishwe, na gobore si kitu cha kudumu milele mikononi mwa mkulima. Mtutu unaliwa na kutu, kitako kinaliwa na mchwa. Magobore mengi yaliyoko darini leo ni kazi ya wahunzi wa vijijini wa miaka ya karibuni zaidi, na mtutu wake ulianza maisha kama bomba la maji. La babu lilikuwa na nyuzi za skrubu za bomba upande wa kitako. Nilikuwa nikiziona tangu utotoni nikidhani ni nakshi.

Je, hilo linalipunguzia thamani? Kwangu mimi, hapana. Mhunzi aliyegeuza bomba kuwa bunduki na mzee aliyeokoa mahindi kwa bunduki hiyo ni historia tosha, haihitaji kuazima vita.

“Bunduki ya kabla ya 1899 haihesabiwi kisheria”

Hili limetoka mtandaoni, na ni kweli, ila Marekani. Sheria yao ya shirikisho ya 1968 inaiweka kando bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya 1968, inaruhusu bunduki ya kale inayowekwa kama kitu cha kipekee au pambo, na kanuni za 2021 zimetaja aina za risasi zinazokubalika na kutaka silaha iwe imeundwa kabla ya Septemba 1939. Siku mwenyewe anapoamua kwenda kuipiga, msamaha huo wa Uingereza unakwisha.

Ukivuka bahari, mambo ni mengine. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na gobore linahitaji kibali kama bunduki nyingine. Sheria ya Kenya, Sura ya 114, inauliza uwezo kwanza: kifaa chenye mtutu, kinachoweza kuua, ambacho kinaweza kutoa risasi au kurekebishwa ili kitoe. Kwa hiyo “mbona haipigi” si utetezi wa kuutegemea.

Kuna wanaochomelea mtutu wenyewe kwa fundi wa mageti kisha wakahesabu kazi imekwisha. Ulaya walidhani hivyo kwa muda. Kisha, Januari 2015, baadhi ya silaha zilizotumika katika mashambulizi ya Paris zikagundulika kuwa ziliuzwa Slovakia kama zilizokwishazimwa, mtu akazifufua. Tangu 2016 Umoja wa Ulaya una kanuni moja ya namna ya kuua bunduki ili isifufuke, na cheti juu yake.

“Babu alikuwa na kibali”

Alikuwa nacho. Kibali ni cha mtu, si cha bunduki wala cha ukoo. Mwenye jina akifa, kinachorithiwa ni wajibu wa kuiwasilisha polisi. Anayetaka kubaki nayo anaomba upya kwa jina lake, akianzia serikali ya kijiji au mtaa. “Tunaitunza kama familia” ni jambo ambalo sheria haina kisanduku chake.

“Ukiipeleka polisi umejipeleka”

Hofu hii naielewa kabisa. Mtu kakaa miaka 20 na silaha isiyo na karatasi, ghafla aibebe mabegani apite nayo barabarani? Asifanye hivyo. Anayeikuta silaha darini amwone kwanza mwenyekiti wake au wakili, au aende kituoni mikono mitupu aeleze.

Na kuna misimu ya msamaha. Umoja wa Afrika uliutenga Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, chini ya ule mpango wa kunyamazisha bunduki. Mwaka 2022 Tanzania ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, na anayesalimisha ndani ya muda huo hakushtakiwa kwa kuwa nayo. Nje ya misimu hiyo maelezo yanapimwa moja moja, na aliyekuja mwenyewe huwa na pa kuanzia.

Wapo wanaosema silaha zikishasalimishwa zinarudi mtaani kwa mlango wa nyuma. Sitawaapia kwamba haijawahi kutokea popote. Ila Novemba 2016, huko Ngong, Kenya ilirundika bunduki zaidi ya 5,000 na kuzitia moto hadharani. Anayemlilia babu huenda akaumia kuona moto kama huo. Na hapo nakubali kuna swali halali: mbona baadhi haziendi makumbusho? Ngome ya Yesu, Mombasa, ina mzinga uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyozamia Rufiji mwaka 1915, na watoto wa shule wanaupanda kupiga picha. Gobore la kijijini lenye jina la mhunzi na jina la mwindaji lina la kusimulia ambalo mzinga ule hauna.

“Za Mjerumani zina mali ndani”

Hazina. Kuna chuma na mbao.

“Anayependa bunduki ya zamani ana lake jambo”

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya watu wa mjini, nayo ni potofu vilevile. Dar es Salaam yenyewe ina Mnara wa Askari tangu 1927, mtu wa shaba na bunduki yake ya singe, na hakuna anayemdhania vibaya. Oman, jamaa zetu wanaozungumza Kiswahili wanaziona harusini: Martini-Henry ya karne ya 19, iliyozungushiwa pete za fedha kwenye mtutu, ikichezeshwa katika razha, ngoma yao ya wanaume, pamoja na panga. Waingereza wenyewe walishaitupa bunduki hiyo. Kule imekuwa pambo la heshima, linapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na linaonekana na kila mtu uwanjani. Tofauti yake na la kwetu ni hiyo ya mwisho. La kwetu lilikaa gizani, na la gizani halina wa kuuliza habari zake.

Tulipoita polisi kutoka kituo cha karibu, walikuja wawili na pikipiki, wakaangalia, wakapiga simu, wakarudi kesho yake na mtu anayejua. Alikuwa mpole. Aliwaondoa watoto na kuku, akalishusha mwenyewe, akalilaza kwenye gunia la mchanga mtutu ukielekea shambani. Baadaye alituambia kilichokuwamo: baruti kavu, katani, na vipande sita vya nondo. Shangazi aliyekuwa akilifuta vumbi kila Idi, amelipakata mapajani, alikaa chini palepale.

Liliondoka na gari siku hiyo, tukabaki na karatasi ya mapokezi. Picha tulipiga kabla, na mjomba mdogo ameandika majina nyuma: la babu, na la mhunzi wa kijiji cha pili ambaye mzee mmoja jirani alimkumbuka. Karatasi imewekewa fremu na kutundikwa sebuleni, muhuri wa kituo na vyote. Mdeki nao waliuchukua. Pembe ya baruti walituachia baada ya kuikagua kwamba ni tupu na kwamba ni ya ng'ombe, maana ingekuwa ya nyati tungeanza kesi nyingine na watu wa maliasili. Shangazi anahifadhia ubani humo.